Katanga ya Uingereza: kuitengeneza kuna hatari, kuipaka rangi tu kuna hatari zaidi

Nchini Uingereza, katika jimbo la Staffordshire, kuna bonde dogo lenye miti ambalo linaitwa Katanga. Ndani yake unapita mto uliochimbwa na watu, nao unaitwa Kongo. Kando ya mto huo kuna treni la mgodi linalopanda na kushuka kwenye reli kama gari lililokosa dereva. Hakuna shaba pale, wala kijiji cha Wakatanga. Ni sehemu moja tu ya Alton Towers, bustani kubwa ya michezo ambako watu hulipa kiingilio ili wapande mashine, walowe maji, wapige kelele za hofu, kisha warudi nyumbani wakicheka. Jina kamili la sehemu hiyo ni Katanga Canyon, yaani Korongo la Katanga.

Korongo hilo sasa limezeeka. Mto wake wa kutengenezwa ulifunguliwa mwaka 1986 ukiwa na jina lingine. Mwaka 1992 wenye bustani waliongeza treni la mgodi, wakajenga vibanda na mapambo ya Kiafrika, wakaita mto huo Congo River Rapids na eneo lote wakaliita Katanga. Tangu hapo zaidi ya miaka 30 imepita. Mbao zimechakaa, pampu zimefanya kazi miaka mingi, na wapenzi wa bustani hiyo wanabishana: sehemu hii ivunjwe, itengenezwe upya, au iachwe ilivyo?

Mtu wa Lubumbashi, wa Kalemie, au mama aliye chini ya hema la wakimbizi wa ndani anaweza kuuliza: hayo yanatuhusu nini? Kula ya leo haijapatikana, nani ana nafasi ya kuwaza juu ya michezo ya Wazungu?

Yanahusu, kwa sababu mbili. Kwanza, jina lililoandikwa pale ni jina la watu wa hapa. Pili, kuna watoto wa Kongo wanaokua karibu na pale. Kati ya mwaka 2004 na 2020 Uingereza ilipokea wakimbizi kupitia mpango ulioitwa Gateway, na Wakongomani wengi waliwekwa katika miji kama Manchester, Sheffield na Hull. Manchester na Sheffield hazipo mbali na Staffordshire. Mtoto aliyezaliwa na wazazi waliokimbia vita anaweza kupelekwa pale na shule yake, asome neno Katanga kwenye ubao, kisha arudi kumwuliza mama yake: ndiyo kwetu pale?

Basi ni haki watu wa hapa nao wapime jambo hilo. Na kupima vizuri kunaanza na uhai wa watu, si na jina.

Mchezo wa mto unaonekana mpole. Watu wanakaa katika boti la mviringo, maji yanasukumwa na pampu kubwa, boti linagonga kingo na kuzunguka, na mwishoni mkanda wa mashine unalipandisha mpaka kituoni. Hakuna mwendo wa kutisha. Lakini upole huo unadanganya.

Katika bustani ya Dreamworld, nchini Australia, kulikuwa na mchezo wa aina hiyo uliofunguliwa mwaka 1986, umri mmoja na ule wa Staffordshire. Tarehe 25 Oktoba 2016 pampu moja ilizimika, maji yakapungua, boti moja likakwama karibu na mkanda. Mkanda haukusimama. Ulileta boti lingine lenye watu, yakagongana, na watu wanne wakafa. Uchunguzi wa vifo ulikuta kwamba kwa miaka 30 hatari za mashine hiyo hazikuwahi kupimwa zote kwa pamoja na mafundi wenye ujuzi unaotakiwa. Kila tatizo lilipotokea lilizibwa peke yake. Mwaka 2020 kampuni ilitozwa faini ya dola milioni 3.6 za Australia, na mchezo ule haukufunguliwa tena.

Karibu zaidi na Katanga ya Uingereza, katika jimbo lile lile la Staffordshire, kuna bustani nyingine, Drayton Manor. Mwezi wa Mei 2017 msichana wa miaka 11 aliyekuja na shule alianguka kutoka katika boti la mto wa namna hiyo, akafa. Tribinali ilitoza kampuni iliyokuwa na bustani hiyo faini ya paundi milioni 1 mwaka 2023.

Na treni la Katanga lenyewe lina historia. Mwezi wa Julai 2006 lilikatika likiwa mwendoni, vipande viwili vikagongana, watu wengi wakaumia. Lilitengenezwa na likarudi kazini.

Anayesikia hayo atasema haraka: kumbe jibu ni rahisi, wavunje vya zamani walete vipya. Hapo ndipo wengi wanapokosea.

Ajali mbaya kuliko zote katika Alton Towers haikutokea kwenye mashine ya zamani. Ilitokea kwenye treni linaloitwa The Smiler, lililofunguliwa mwaka 2013. Tarehe 2 Juni 2015, baada ya miaka miwili tu, gari lililojaa watu liligonga gari tupu lililokuwa limekwama njiani. Watu 16 waliumia, na wasichana wawili walikatwa mguu. Kompyuta ilikuwa imesimamisha treni, lakini mafundi hawakujua kwamba kuna gari mbele, wakaliruhusu liendelee. Kampuni ya Merlin, inayoendesha bustani, ilikiri kosa na mwaka 2016 ikatozwa faini ya paundi milioni 5.

Kwa hiyo upya si usalama, na uzee si kifo. Mashine mpya yenye wafanyakazi wasioelezwa vizuri kazi yao inaua, na mashine ya zamani inayoangaliwa kila asubuhi inaweza kubeba watoto mpaka wajukuu wao. Swali la kwanza la kumwuliza mwenye Katanga ya Uingereza si "mtaleta kitu gani kipya?" Ni hili: nani anaangalia pampu? Nani ana haki ya kusimamisha mkanda bila kuomba ruhusa kwa mkubwa? Boti likikwama, mfanyakazi wa mwisho kuajiriwa anajua kifungo cha kubonyeza?

Baada ya uhai zinakuja hatari nyingine, nazo zina uzito wake.

Kuna hatari ya pesa na muda. Bustani hiyo ilikuwa na mchezo mwingine wa maji, The Flume, uliofunguliwa mwaka 1981. Ulifungwa mwaka 2015, na mahali pake pakajengwa treni la mbao liitwalo Wicker Man, lililofunguliwa mwaka 2018 kwa paundi milioni 16. Wengi walilifurahia. Lakini watu walisubiri zaidi ya miaka miwili, na familia zilizopenda maji zilipewa treni. Aliyetaka kulowa pamoja na watoto wake alipoteza kitu ambacho treni halikurudisha.

Kuna hatari ya kuwasahau wadogo. Bustani za namna hii zinavutwa na mashindano: nani ana treni la juu zaidi, la kasi zaidi, la kutisha zaidi. Katanga Canyon haimo katika mashindano hayo. Ni mahali ambapo mtoto anayeogopa mashine kubwa anapanda pamoja na bibi yake. Ukiondoa mahali kama hapo ukaleta mashine ya vijana, matangazo yatakuwa mazuri, lakini bibi na mjukuu watakaa kwenye benchi wakingoja wengine. Ni kama kubomoa kibanda cha mama muuza mihogo ili ujenge hoteli: mtaa umependeza, lakini wa mtaani wale wapi?

Kuna pia hatari ya mahali penyewe. Alton Towers imezunguka magofu ya jumba la watu wakubwa wa zamani na bustani za maua zinazolindwa na sheria. Majirani wake wamewahi kuishtaki juu ya kelele. Ujenzi unaruhusiwa kwa masharti, na desturi ya pale ni kwamba mashine zisipite vilele vya miti. Ndiyo maana treni lao maarufu, Nemesis, lililofunguliwa mwaka 1994, lilichimbiwa shimo katika mwamba badala ya kuinuliwa juu. Anayesema "wabomoe tu Katanga, wajenge kitu kikubwa" hajui kwamba bonde lile halikubali kila kitu.

Treni hilo la Nemesis linaonyesha kwamba kuna njia ya katikati. Lilipozeeka hawakulitupa. Walilifunga Novemba 2022, wakabadilisha sehemu kubwa ya reli na nguzo, wakaacha njia yake kama ilivyokuwa, kisha wakalifungua Machi 2024. Msimu mzima wa 2023 ulipita bila treni hilo, na hiyo ilikuwa gharama. Lakini waliolipenda zamani walilikuta tena, likiwa na mifupa mipya. Kama treni la watu wazima lilistahili uvumilivu huo, mto wa watoto nao unastahili.

Sasa jina.

Mwaka 1992, Waingereza walipoandika Katanga na Kongo juu ya bonde lao, majina hayo mawili hayakuwa kwenye ramani rasmi ya nchi yenyewe. Mobutu alikuwa amebadilisha yote: mto uliitwa Zaire, na Katanga iliitwa Shaba. Majina ya zamani yalirudi mwaka 1997. Na mwaka 2015 jimbo la Katanga liligawanywa kuwa manne: Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika. Leo watu bado wanajiita Wakatanga, lakini hakuna jimbo lenye jina hilo peke yake. Kwa namna fulani jina zima limebaki Staffordshire, juu ya mashine.

Je, walikosea jiografia? Si sana. Mto Kongo kweli una mzizi Katanga, kwa sababu Lualaba inaanzia kwenye nyanda za juu karibu na mpaka wa Zambia. Makorongo pia yapo. Lipo la Nzilo karibu na Kolwezi, ambako mto umefungwa kwa bwawa la umeme. Lipo lile la Kongolo linaloitwa Portes d'Enfer, milango ya jehanamu, ambako Lualaba inabanwa na mawe na maji yanakimbia kwa hasira. Wavuvi wa Kongolo hawahitaji pampu ili wapate maji ya kasi.

Walichokosa si ramani. Walikosa watu. Katika Katanga yao kuna vibanda visivyo na wenyewe, na mgodi usio na mchimbaji. Katanga imekuwa pambo, mahali pa mbali pa kutisha kidogo na kuchekesha kidogo.

Mwaka ule ule wa 1992 Katanga ya kweli ilikuwa na treni nyingine akilini. Mgodi wa Kamoto ulikuwa umeporomoka Septemba 1990, na Gécamines, iliyokuwa ikitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980, ilikuwa inaelekea chini ya tani 50,000. Siasa ya chuki iliwashika watu, na familia zenye asili ya Kasai, nyingi zikiwa zimezaliwa hapa hapa, zilifukuzwa katika nyumba zao. Likasi, maelfu walilala kituoni kwa miezi wakingoja treni la kuwaondoa. Wengine, na hasa watoto, walifia pale pale au njiani. Treni la Katanga la mwaka 1992, kwa mtu aliyelingoja na mizigo kichwani, si mchezo.

Hilo halisemwi ili Waingereza wahukumiwe. Waliojenga mchezo wa watoto hawakuwa na habari za Likasi. Na hakuna anayetaka mtoto wa miaka saba apandishwe kwenye boti huku anasomewa orodha ya maiti. Watoto wana haki ya kucheza, hata watoto walio kambini, ambao wanatengeneza magari ya waya na mipira ya plastiki bila kungoja vita viishe. Linasemwa ili ijulikane kwamba jina la mahali si rangi ya ukutani. Kuna watu wanaishi ndani yake.

Bustani nyingine zimeanza kuelewa. Nchini Uholanzi, bustani ya Efteling ilikuwa na mchezo wa vikombe vya kuzunguka uliomwonyesha Mwafrika kama mla watu, na watoto walikalia vyungu vyake. Ulikuwepo tangu mwaka 1988. Mwaka 2022 mchezo uliendelea kuzunguka, lakini picha ile iliondolewa na ukapewa hadithi nyingine na jina jipya. Marekani, Disney ilitangaza mwaka 2021 kwamba itaondoa katika safari yake ya mtoni, iliyoanza mwaka 1955, sanamu zilizowaonyesha wenyeji kama washenzi. Mashine zilibaki, na aliyekuja kucheza alicheza. Hakuna aliyekufa kwa kukosa sanamu ya kutukana.

Katanga Canyon haina ubaya wa kiasi hicho. Ndiyo maana uamuzi wake ni mgumu zaidi. Wapo watakaosema: acheni jina, ni heshima, angalau Waingereza wanalitamka. Wapo watakaosema: ondoeni, ni kudharau. Yote mawili yana sababu. Lakini jina linalotamkwa na watu wasiojua linataja nani si heshima kamili, na jina linalofutwa usiku kimya kimya ili kuepuka maneno si msamaha. Kufuta kunaweza kuwa njia nyingine ya kusahau.

Kwa hiyo msimamo wa haki ni huu. Kama wenye bustani wataamua kutengeneza sehemu hiyo upya, wafuate mpangilio. Kwanza vitu visivyoonekana: pampu, mkanda, breki, kamera, na mafunzo ya wafanyakazi. Hatari zipimwe zote pamoja, si moja moja. Pili, wabakize mahali pa wadogo na wazee, hata kama mashine ya vijana ingeleta pesa zaidi. Tatu, jina. Wakitaka kulibakiza, waliweke pamoja na ukweli kidogo: kibao kinachosema Lualaba inaanzia wapi, salamu ya Kiswahili mlangoni, muziki wa Lubumbashi badala ya ngoma za kubuni, na sauti ya Wakongomani wanaoishi Manchester na Sheffield katika kupanga hayo. Ni gharama ndogo kuliko boti moja. Wakiona hiyo ni kazi kubwa mno, basi walirudishe jina, waite bonde lao kwa jina la Kiingereza, bila ugomvi.

Lakini wasichukue njia ya nne, ambayo ndiyo rahisi kuliko zote na ya hatari kuliko zote: kununua ndoo za rangi, kubadilisha vibao, kupiga picha za ufunguzi, na kuacha pampu za zamani chini ya sakafu mpya.

Njia hiyo ya nne inajulikana vizuri hapa. Ni shule inayopakwa rangi kabla mgeni hajafika, huku paa linavuja. Ni daraja linalofunguliwa kwa hotuba na kuchukuliwa na mvua ya kwanza. Watu wa Lubumbashi wanaishi chini ya bomba kubwa la moshi la kiwanda cha zamani, na kando yake kuna kilima cheusi cha masalia ya shaba. Kwa miaka mingi kilionekana takataka. Kisha wakaja watu wenye mashine wakaanza kukichakata, wakatoa kobalti ndani yake. Kitu cha zamani kinaweza kuwa na faida bado, lakini kwa yule anayekubali kuchimba ndani, si kwa anayepaka juu.

Hata familia iliyokimbia Nyunzu au Mitwaba, siku inaporudi na kukuta nyumba imesimama nusu, inapima vivyo hivyo. Kubomoa yote ni gharama, na kuna kumbukumbu ndani. Kulala chini ya ukuta uliopasuka ni kifo kinachongoja mvua. Mwenye akili haanzi na pazia. Anagonga ukuta, anasikiliza, anaangalia msingi, kisha ndipo anaamua. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini ufa unazibwa kwa tofali na udongo, hauzibwi kwa chokaa.

Mtoto wa Kongo atakayefika pale Staffordshire anastahili mambo mawili: ashuke katika boti akiwa mzima, na akisoma jina la kwao asione haya wala asidanganywe. Anayeweza kumpa yote mawili aitengeneze Katanga. Asiyeweza la kwanza afunge mto leo, kabla ya kununua rangi.